Nani atoke wa mwisho: seremala au fundi rangi?

MWENYE NYUMBA: Februari inaisha, masika yanakuja, na vyumba vyangu viwili vya chini bado vina puti tupu ukutani. Mzee seremala ananiambia fundi rangi asubiri. Fundi rangi ananiambia mzee asubiri. Hela hii ni ya kiinua mgongo changu cha ualimu, ikiisha imeisha. Naomba mniambie hapa, mbele ya msimamizi: nani aingie kwanza?

FUNDI RANGI: Niingie mimi, mama. Chumba kikiwa kitupu natembeza rola kutoka dari hadi sakafuni bila kusimama, wala sina haja ya tepu. Chumba cha futi 12 kwa 12, ukuta wa futi 9, kinakunywa kama galoni moja ya lita 4 kwa mkono mmoja, na saa za mchana zinatosha. Skatingi na akitrevu zikishapigiliwa, kazi ileile inakuwa ya brashi ndogo na ya kupiga magoti. Halafu akitrevu za mzee ni za mninga, na mninga una vinyweleo. Rangi nyeupe ya maji ikidondokea mle, ukifuta unaisukuma ndani zaidi. Inabaki humo kama unga wa ngano kwenye kucha.

(Akitrevu ni ule ubao mwembamba unaozunguka fremu ya mlango na kuficha mwanya kati yake na ukuta. Skatingi ni ule wa chini, unaoukinga ukuta na fagio na maji ya kudekia. Ni vitu vidogo, lakini nyumba isiyo navyo hata mgeni anaijua kuwa haijaisha.)

SEREMALA: Kuhusu vinyweleo kijana anasema kweli. Lakini mimi nikishapigilia, matundu ya misumari ataziba nani? Kuta hizi hazijanyooka. Nikiweka ubao ulionyooka mbele yake, huku unagusa, kule kinapita kidole. Mwanya ule unajazwa, unapigwa msasa, unapakwa. Nikitoboa tundu la fisha, vumbi la saruji linashuka juu ya rangi yake mpya. Nyundo nayo huteleza, hata mkononi mwa mzee kama mimi. Kwa hiyo atarudi tu, apende asipende. Sasa kama atarudi, si aje mara moja, mwisho?

FUNDI RANGI: Na puti je, mzee? Puti lazima ipigwe msasa, na vumbi lake ni poda, linapita hata kwenye tundu la kitasa. Nipige msasa juu ya vanishi yako mbichi?

SEREMALA: Vanishi naipiga baada yako. Ubao nauleta umepakwa sila tu, naufunika kwa magazeti.

FUNDI RANGI: Basi wa mwisho kutoka ni wewe. Umeshanikubalia nusu.

SEREMALA: Sijakukubalia. Kupigilia ni kazi moja, vanishi ni kazi nyingine. Nikija siku moja na kopo langu baada yako, haina maana kwamba mbao zangu zikae nje zikikungoja.

MWENYE NYUMBA: Mwanangu alinionyesha kwenye simu video za Wamarekani. Wao wanapigilia mbao kwanza, ndiyo wanapaka chumba kizima. Vyumba vya chini kama hivi vyangu. Kwa nini sisi tusifanye hivyohivyo?

MSIMAMIZI: Nimeziona, mama, na nimezifuatilia. Wenzetu kule mara nyingi ubao wenyewe wanaupaka rangi, nyeupe aghalabu. Matundu ya misumari wanajaza fila, mwanya wa juu wanajaza gundi laini ya bomba, kisha rangi inapita juu ya vyote na huoni mshono. Hata wao kwa wao hawajaacha kubishana, maana wapo wanaopaka kwanza. Ila hapa kwetu mtu akinunua mninga au mkongo anataka mti uonekane. Hakuna rangi itakayoficha fila. Kila tundu litakalozibwa litaonekana, kwa hiyo lizibwe na seremala mwenyewe, kwa unga wa mti uleule na gundi. Na jambo la pili, vyumba vyao vya chini mara nyingi vina mashine za kukausha hewa. Vya kwako vina dirisha moja linaloangalia barabara na ukuta mmoja uliofukiwa kwenye mlima.

SEREMALA: Tusiende mbali hivyo. Twende Unguja. Pale Mji Mkongwe husimuliwa kwamba mlango ulisimamishwa kwanza, na nyumba ikajengwa kuufuata. Ubao ulitangulia ukuta wenyewe, sembuse rangi. Na hapa hapa, mwalimu, fremu hizi nilizisimamisha kabla ya plasta, mwashi akaja kuzifuata. Nusu ya kazi yangu imeshatangulia, na hakuna aliyelalamika.

FUNDI RANGI: Mimi nilikuwa sijaletwa, ndiyo maana hukusikia malalamiko. Siku mbili nimekwangua saruji kwenye fremu hizo kwa msasa na wembe, na pembe ya chini kushoto doa bado lipo, nenda ukaone. Na kuta za Unguja ni mawe ya matumbawe na chokaa, mzee. Chokaa inapumua. Unyevu ukiingia unapata njia ya kutoka. Hizi ni bloku na saruji, na mama anataka silki, ile inayofutika kwa kitambaa. Silki ni kama nailoni. Chochote kilichomo nyuma yake kitasukuma hadi kiibandue.

SEREMALA: Mwalimu, acha niseme linaloniuma, kwa sababu tunazungumza msumari na msasa wakati jambo lenyewe liko kwingine. Nimezunguka hapa Arusha, Moshono, Njiro, hadi Kisongo. Nimeona nyumba ngapi ambazo watu wamehamia na mlango wa chumba ni pazia? Fremu imesimama miaka, shata hakuna, akitrevu hakuna, mjusi anaingia na kutoka ufani. Ukiuliza, hela iliishia kwenye rangi. Rangi ina tabia hiyo: chumba kikishang'aa, mwenye nyumba anaona kimeisha. Anakwambia, mzee, skatingi tutaweka Desemba. Nami mbao nimeshazinunua, nimeshazipasua kwa vipimo vyake, haziwezi kumfaa mwingine, zinapinda karakanani kwangu Unga Limited. Kwa hiyo nikisema ubao kwanza, natetea zamu ya kulipwa.

FUNDI RANGI: Nakuheshimu, mzee, na hilo sikulijua upande wako. Sasa sikia upande wangu. Anayetoka wa mwisho ndiye anayebeba makosa ya wote. Nilipaka nyumba moja hadi mkono wa mwisho. Fundi umeme akarudi kuchana ukuta kwa grenda, swichi ilisahauliwa. Fundi marumaru akaburuza maboksi kwenye korido. Seremala akaacha viganja vyenye gundi kila mlango. Mwenye nyumba alipokuja jioni alimkuta nani? Mimi na ndoo yangu. Nikakatwa hela, na rangi ya kurudia nikanunua mwenyewe. Tangu siku ile nikiambiwa "utamalizia wewe", mimi nasikia "utalipia wewe".

MWENYE NYUMBA: Kumbe hamgombanii rangi wala ubao. Mnagombania nani asilaumiwe na nani asicheleweshewe hela. Mnagombania humo chumbani mwangu.

MSIMAMIZI: Ni kweli, mama, na si aibu yao. Hapa mjini mwenye nyumba anajenga kidogo kidogo, kila fundi anaitwa hela ikipatikana, na anayeandika ratiba hakuna. Mimi ningeshauri hivi. Prima na mkono wa kwanza vipigwe sasa, chumba kikiwa kitupu. Kisha mzee aingie apigilie. Kisha fundi rangi arudi azibe ile mianya na michubuko ya ukutani, apige mkono wa mwisho kwa uangalifu. Vanishi imalizie. Malipo yakatwe vipande vivyo hivyo, kila hatua na chake, na sehemu ya mwisho ya wote wawili ukae nayo hadi kazi yote ikaguliwe siku moja.

MWENYE NYUMBA: Kwa hiyo nilipe usafiri mara mbili, na vibarua mara mbili.

MSIMAMIZI: Ndiyo. Galoni moja ya mkono wa mwisho ni ileile, haiongezeki. Kinachoongezeka ni siku za mtu.

SEREMALA: Na huo mkono wa mwisho atapakaje pembeni mwa mninga wangu bila kudondosha? Tumerudi palepale.

FUNDI RANGI: Nitabandika tepu ya karatasi, mzee. Ila sila iwe imekauka kwelikweli. Ukiniwekea ubao uliopakwa jana jioni, tepu itaondoka na ngozi, halafu utasema mimi.

SEREMALA: Nitasema wewe, kwa nini nisiseme?

MWENYE NYUMBA: Ngojeni kwanza. Mnabishana kana kwamba kuta zote ni sawa. Majuzi msimamizi alinishauri nibandike nailoni ukutani. Nilichukua ile ya kufunikia madaftari ya wajukuu, inayoonyesha, nikakata vipande vinne, nikabandika kingo zote kwa tepu jioni. Asubuhi kile cha ukuta wa mbele kilikuwa kikavu nyuma na mbele. Cha ukuta wa nyuma, ule unaoegemea mlima, kilikuwa na matone kwa ndani, yamepangana kama jasho kwenye paji la uso. Mvua haijanyesha wiki ya tatu hii.

MSIMAMIZI: Matone yangekuwa upande wa nje wa nailoni, ningesema ni hewa ya chumba. Yakiwa upande wa ukuta, maji yanatoka ukutani. Nilimwomba arudie.

MWENYE NYUMBA: Nikarudia mara tatu. Alhamisi asubuhi kuna matone. Jumatatu hakuna. Alhamisi iliyofuata yapo tena.

FUNDI RANGI: Nilijua. Pembe ile nimeikuta ukuta unatoa magadi, unga mweupe unaofutika kwa kidole, na puti imeanza kuvimba kama andazi. Nilidhani ni plasta changa.

MWENYE NYUMBA: Plasta ina miezi mitano. Ni zamu ya maji, mwanangu. Shamba la juu yangu, migomba na kahawa, zamu yao ya mfereji ni Jumatano. Maji yanapita hatua kumi na tano kutoka ukuta wangu, kwenye udongo mtupu.

(Kwa msomaji asiyeijua miteremko ya Mlima Meru: upande huu wa kusini, unaopata mvua nyingi kuliko kaskazini, Wameru na Waarusha walichimba mifereji ya kumwagilia tangu zamani, kabla Wajerumani hawajajenga Boma la Arusha mwaka 1900. Ina wazee wake na siku zake. Nyumba ndizo zimeifuata mifereji, si mifereji iliyozifuata nyumba, na naona ni vibaya mtu kununua kiwanja pale kisha akaulaumu mfereji kwa kuwa na maji.)

SEREMALA: Basi tuambizane ukweli, sote. Nikipigilia ubao kwenye ukuta huo, mgongo wake unalowa Jumatano na kukauka Jumapili. Ubao ukilowa mgongo na kukauka uso unapinda, unang'oa misumari. Na mchwa wanapenda mahali kama hapo.

FUNDI RANGI: Na nikipaka silki yangu, baada ya masika utaiona imening'inia kama ngozi ya nyoka. Lakini hapo hapo, mzee, ndipo hoja yangu ya rangi kwanza inapopata nguvu. Hata ukuta mkavu wa mbele, nyuma ya ubao pasipopakwa pana puti tupu, na puti inanyonya. Tena nilikuona na saipresi kwenye gari wiki iliyopita, ya skatingi. Umeinunua Usa River, imepasuliwa lini?

SEREMALA: Imepasuliwa mwezi uliopita.

FUNDI RANGI: Mwezi uliopita bado ni mti, mzee, haijawa mbao. Skatingi ya inchi 4 ikija kukauka humo ndani inapungua upana, milimita mbili au tatu. Kama nimepaka baada yako, nimeishia kwenye ukingo wako. Ubao ukisinyaa, juu yake kunajitokeza mstari wa puti isiyo na rangi, chumba kizima, kama kovu. Kama nimepaka kabla yako, ubao ukishuka unakuta rangi nyuma yake. Hakuna atakayejua.

SEREMALA: Hilo umenipata. Lakini dawa ya ubao mbichi si rangi, ni ubao mkavu. Nipe wiki sita, niulaze mahali pakavu, vijiti katikati, hewa ipite. Na mgongo wake nitaupaka sila kabla ya kuugusisha ukuta, mafundi wengi hawafanyi hivyo. Ukiwa umekauka na umezibwa mgongo, kusinyaa unakokuogopa hakutakuwepo. Hapo hoja yako ya kovu inakufa, na yangu ya matundu na mianya inabaki hai.

FUNDI RANGI: Wiki sita mama hana. Masika yanaanza Machi.

MWENYE NYUMBA: Nilishamwambia mpangaji Aprili.

MSIMAMIZI: Mama, chumba cha nyuma hakitakuwa tayari Aprili hata ukimwita fundi kutoka mbinguni. Ule ukuta unahitaji kufukuliwa kwa nje, upakwe lami, chini yake uwekwe mtaro wa mawe na bomba lenye matundu la kupeleka maji barabarani. Au kipande cha mfereji kinachopita nyuma yako kisakafiwe. Kabla ya hapo, aliyetangulia na aliyefuata wote watakuwa wamepoteza kazi yao.

FUNDI RANGI: Cha nyuma nipeni ruhusa ya chokaa peke yake. Mikono miwili, bei ndogo, inapumua. Itatuonyesha hadi wapi maji yanafika, maana doa litajichora lenyewe. Tukishavuka masika na ile baridi ya Juni na Julai, ambapo hata rangi ya ukuta mkavu inachelewa kukauka, ndipo tuseme silki. Na chini muweke skatingi ya marumaru, si ya ubao.

SEREMALA: Marumaru! Umenitoa chumbani kabisa.

FUNDI RANGI: Nimekutoa kwenye ukuta unaolowa, mzee. Cha mbele ni chako.

SEREMALA: Na chumba cha mbele atatoka nani wa mwisho?

FUNDI RANGI: Nimesema, rangi kwanza.

SEREMALA: Nami nimesema, mkono wa kwanza ni wako, nakuachia. Mkono wa mwisho uje baada yangu. Sitapigilia kwenye ukuta uliomalizwa halafu nikae nikiogopa nyundo yangu mwenyewe. Mtu anayeogopa nyundo yake anapigilia vibaya.

FUNDI RANGI: Na mimi sitapaka mkono wa mwisho pembeni mwa ubao ambao sijui ulikauka lini.

MWENYE NYUMBA: Basi uukague, mwanangu. Ujue. Mzee, ataruhusiwa kuzigusa mbao zako kabla hujazipigilia?

SEREMALA: Mbao zangu hazijawahi kukaguliwa na fundi rangi.

MWENYE NYUMBA: Miaka 34 nimesahihisha madaftari, na walimu wenzangu wakasahihisha yangu. Atazigusa?

SEREMALA: Atazigusa. Lakini nusu ya hela ya mbao nilipwe sasa, hata kama zitapigiliwa Aprili au Julai. Sitaki ziwe mzigo wangu tena.

MSIMAMIZI: Hilo ni haki, mama.

MWENYE NYUMBA: Nusu utaipata. Zitakaa wapi?

SEREMALA: Karakana yangu bati linavuja masika. Zingelala chumba cha mbele, zizoee hewa ya humo.

FUNDI RANGI: Chumba cha mbele natakiwa kupiga msasa Jumatatu! Nitazizungukaje?

SEREMALA: Basi juu, kwa mwalimu. Sebuleni.

MWENYE NYUMBA: Sebuleni kwangu? Ziko ngapi?

SEREMALA: Kumi na nne, futi 12 kila moja. Nane za skatingi, sita za akitrevu. Zile nne za skatingi ya chumba cha nyuma sijakubali marumaru. Tutaziamua Julai.

MWENYE NYUMBA: Nyuma ya kochi kuna futi 13. Zilete kesho asubuhi na mapema, na hivyo vijiti vyake. Saa nne nakwenda kumwona mzee wa mfereji.